Karani Aliyewapima Washukiwa Watatu

Njia ya haraka ya kumuudhi Karani ilikuwa kumwambia kwamba jambo fulani linajulikana na kila mtu. Angevua kofia, akaipigapiga gotini kana kwamba ina vumbi, kisha akakuuliza huyo kila mtu ni nani, alikuwa wapi siku hiyo, na ni nani aliyemwona akiona. Ukikosa jibu, anairudisha kofia kichwani na kukusomea hukumu: "Hapo kuna maji. Toa kilo mbili."

Kilo hizo mbili alizitoa kazini. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa karani wa kituo chetu cha majani chai, kile kibanda cha mabati kando ya barabara ya Kimulot ambako wakulima hupeleka majani mabichi yapimwe kabla lori la kiwanda halijafika. Siku ya mvua majani huja yamelowa, na karani hupunguza uzito wa maji na wa gunia ndipo aandike kilicho chai. Wengine walifanya kazi hiyo wakaiacha pale pale mlangoni. Yeye alienda nayo nyumbani, kanisani na hata matangani. Mhubiri mgeni akisimulia jinsi alivyokutana na chui akamkemea hadi akakimbia, Karani alikuwa anainama na kuninong'oneza, "Huyo chui toa kilo tatu." Mama yangu alimkataza kukaa karibu nasi, kwa sababu nilikuwa nacheka mpaka wazee wa kanisa wananigeukia.

Jina lake sikulisikia likitajwa mpaka siku ya mazishi yake, na hata hapo watu walitazamana kuuliza ni nani anayezikwa. Kwetu alikuwa Karani tu. Alipostaafu na kijana mwingine akachukua mizani, huyo kijana tulimwita "yule mpya", na amebaki yule mpya mpaka leo ingawa ameanza kuota mvi.

Mtu huyu alikuwa na kesi moja iliyomla maisha. Miaka michache baada ya Uhuru, katika msimu mmoja wa mvua, watu watatu waliuawa kwenye njia za huku kwetu. Wa kwanza alikuwa mama aliyetoka kusaga mahindi, wa pili mzee aliyekuwa akimtafuta ng'ombe wake, wa tatu fundi wa baiskeli. Wote walipigwa kisogoni kwa kitu chenye makali, na hakuna aliyeibiwa hata unga. Baada ya huyo wa tatu mauaji yakakoma ghafla, kama yalivyoanza. Polisi walikuja, wakakamata, wakaachilia, wakaondoka. Kesi haikuwahi kufika mwisho.

Washukiwa walikuwa watatu. Mmoja alikuwa askari wa msitu, mtu mpweke aliyehama bila kuaga. Mwingine alikuwa mwenye bucha, mzee wa Kikuyu aliyekuja kufungua duka sokoni wakati huo. Wa tatu alikuwa babu yangu.

Naona ni heri niliseme mapema, maana Karani mwenyewe hakupenda mtu afiche lililo zito chini ya gunia. Nilikua nikiwa mjukuu wa mshukiwa. Shuleni tulikuwa "wale wa majani ya jana", na nitaeleza jina hilo lilitoka wapi. Nilichokitaka kwa Karani tangu nikiwa na miaka kumi ni kitu kimoja tu, amtoe babu yangu kwenye hesabu ya washukiwa wake. Na Karani, aliyenipenda kama mtoto wa nduguye, alikataa kwa karibu miaka ishirini.

Kikao cha kesi kilikuwa pale pale kituoni. Mvua ikiharibu barabara, lori la kiwanda hukwama, na wakulima hubaki wakilisubiri kwa saa nzima, wakati mwingine tatu, magunia yakining'inia kwenye ndoano ili majani yapate hewa. Hakuna mahali pazuri pa kusikiliza hadithi kuliko hapo. Karani aliketi juu ya meza ya kupangulia majani, miguu ikichezacheza kama ya mtoto, na mtu yeyote angeanza kumchokoza: "Karani, mwaka huu umeamua ni nani?"

Kabla ya kumjibu alilazimisha jambo moja. Tuwataje waliokufa kwanza. Mama aliyetoka kusaga, mzee wa ng'ombe, fundi wa baiskeli. Alisema watu hupenda sana kuongea habari za muuaji, na waliouawa wanakuwa kama mbolea ya hadithi. Kwa hiyo tulijifunza kwamba yule mama alikuwa na sauti ya kwanza katika kwaya, kwamba mzee alimpenda ng'ombe wake kuliko shemeji zake, na kwamba fundi alikuwa akikurekebishia baiskeli halafu anaomba aiendeshe kidogo kuona kama imepona, na hairudishi mpaka jioni. Tulicheka. Nadhani walistahili kuchekewa hivyo, kwa mapenzi.

Halafu ndipo aliwapima washukiwa. Askari wa msitu alikuwa ndiye kipenzi cha watu, kila mtu alitaka awe yeye. Karani alimpunguzia bila huruma. Alisema asiyekuwepo hana wa kumtetea, kwa hiyo kila mpita njia humtwika mzigo wake na kuendelea na safari. Kuhama ni kuhama. Hata mwalimu wa Biblia alihama mwaka ule ule, mbona yeye hamumtaji?

Mwenye bucha alikuwa na visu, na watu walidhani visu vinatosha. Hapo Karani alikuwa anawasha moto. Aliwauliza kama kuna nyumba hata moja pale kituoni isiyokuwa na panga. Halafu akawauliza tena, kwa upole zaidi, kama mzee yule angezaliwa hapa Konoin, akawa mtu wa ukoo wao, wangemtaja? "Huyo alipewa kilo nyingi sababu ni mgeni," alisema. "Hizo zote ni maji." Watu wa mwenye bucha wako sokoni mpaka leo, na mwanawe, baba wa watoto niliosoma nao, alikuwa akija kusikiliza kikao akiwa amesimama nyuma. Siku moja alimletea Karani matumbo ya mbuzi kwenye karatasi, akampa bila kusema kitu. Karani alimwambia asidhani ameshinda kesi, kisha akaenda kuyapika.

Alipofika kwa babu yangu, utani ulipungua. Babu, tuliyemwita Kugo kama wajukuu wote wa Kipsigis wanavyofanya, alikamatwa baada ya kifo cha fundi wa baiskeli. Fundi aliuawa asubuhi, kati ya kupambazuka na saa nne, kwenye njia ya mtoni iliyopakana na shamba letu. Kugo aliwaambia polisi kwamba tangu alfajiri alikuwa akichuma chai, na majani yake yako kituoni. Polisi walikwenda kituoni wakayakagua. Majani yalikuwa mekundu kwenye vikonyo na yana joto. Wakaambiwa hayo ni majani ya jana, yaliyolazwa. Basi Kugo amedanganya, na mtu hadanganyi bila sababu. Alikaa rumande miezi saba, wakamwachilia kwa kukosa ushahidi wa kutosha, akarudi nyumbani na lile jina la majani ya jana. Alikataza habari hiyo isitajwe nyumbani kwake, na Kogo, yaani nyanya, akatii amri hiyo hata baada ya mumewe kufa.

Hapo Karani alisema kila mwaka maneno yale yale: huyu ni mwepesi kuliko wote, hana ugomvi na yeyote kati ya waliokufa, lakini kumwondoa hawezi. Nikamuuliza kwa nini, nikiwa bado na sare ya shule. Akaniambia, "Mtu hatolewi kwa mizani kwa huruma, chepto. Anatolewa kwa sababu." Chepto ni msichana kwa Kipsigis, na aliniita hivyo hata nilipokuwa mwalimu wa sekondari mjini Kericho mwenye mshahara na presha niliyopewa na wanafunzi wa kidato cha pili.

Nilimkasirikia, nikarudi kesho yake. Hivyo ndivyo tulivyokuwa.

Msidhani kwamba alikuwa mpelelezi hodari. Redio yake iliwahi kupotea, na kwa wiki mbili kijiji kizima hakikupumua. Alimhoji mkewe, akawahoji wanawe, akamhoji jirani aliyekuwa na deni la jembe, akapima nyayo nyuma ya choo kwa kamba ya kufungia ndama. Jumapili ya tatu tuliingia kanisani tukaikuta redio juu ya meza ya kwaya. Alikuwa ameiazima mwenyewe kwa kwaya, kwa barua aliyoiandika kwa mkono wake, wajifunzie wimbo wa Pasaka. Kiongozi wa kwaya alimsomea barua hiyo mbele ya watu wote. Karani alicheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akiisimulia zaidi ya mtu mwingine.

Na chai, je? Mtu aliyeishi kwa majani hakuwa akinywa chai ya maziwa kabisa. Alikunywa strungi, chai ya rangi, yenye vijiko vinne vya sukari, akisema maziwa ni njia ya kuficha chai mbaya. Lakini ukimpa mursik, maziwa yetu yaliyolazwa kwenye kibuyu na kusuguliwa mkaa, alimaliza kibuyu na kukitazama ndani kama aliyeangusha kitu.

Alikuwa mkali kwa gunia kuliko kwa mtu. Majani aliyataka mawili na kichipukizi, si matatu, si bua. Alikuwa akiingiza mkono ndani ya gunia mpaka begani, akafumba macho, akakuambia ulichuma saa ngapi na kama watoto walikusaidia. Mara nyingi alipatia. Nilimwona akimrudisha mke wa chifu na gunia zima. Nilimwona pia akikaa chini na mama mmoja mjane, akimpangulia majani mabaya moja moja mpaka lori likapiga honi mara tatu, ili asirudi nyumbani mikono mitupu. Wote wawili aliwafokea sawasawa.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Kila mkulima alimsalimia kwa kelele, lakini Kugo alipokuja, mzee mrefu mwenye koti la mvua la kijani, Karani alikuwa akisimama. Alipima gunia lake bila kuingiza mkono. Nilidhani ni heshima kwa mtu aliyeteseka. Kugo alifariki nikiwa darasa la tatu, na Karani alichimba kaburi tangu asubuhi hadi likaisha, akakataa kupokewa jembe na vijana.

Mwaka juzi nikapata mchumba, daktari wa ng'ombe kutoka Merigi, kijana mwenye subira, maana amenioa mimi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka yalipofika kwa wazee. Kwetu, kabla ng'ombe hata mmoja hajatajwa kwenye koito, kikao cha posa, koo mbili huulizana habari za damu. Je, kuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kuua? Swali hilo halichukuliwi kwa mzaha, kwa kuwa watoto watakaozaliwa watabeba jibu lake. Na maneno yana miguu kuliko sisi. Wazee wa Merigi walikuwa wamesikia habari za majani ya jana. Walituma ujumbe kwamba watakuja kwenye koito, lakini wanataka kusikia neno hilo kwanza, na wasiporidhika watakunywa chai warudi kwao bila ubaya.

Nilikwenda kwa Karani siku hiyo hiyo. Alikuwa karibu miaka themanini, anatembea kwa fimbo, anapumua kwa sauti. Nikamweleza. Nikamwambia watu wa mbali wanamheshimu, na akisema neno moja kwamba babu yangu hakuua, nitaolewa. Nilitegemea anitanie. Akawa anaangalia kikombe changu cha chai badala ya kuniangalia mimi. Kisha akaniuliza koito ni siku gani, akanipa kazi ya ajabu.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, nichume majani nusu gunia, niyatandaze jikoni sakafuni mpaka asubuhi, kisha niyarudishe guniani bila kuyashindilia. Alfajiri nichume mengine mengi, niyatie kwenye gunia moja dogo, nikanyage kwa mguu mpaka yaingie yote, nifunge mdomo. Magunia yote mawili nimpelekee sebuleni akiita. "Usiulize," alisema, naye ndiye mtu aliyenifundisha kuuliza.

Nilitii. Hebu nifikirieni, bibi harusi mtarajiwa, nywele zimesukwa jana kwa saa sita, niko shambani saa kumi na mbili na buti za mvua na kikapu mgongoni. Shangazi zangu walikuwa jikoni wakikatakata vitunguu na kunihurumia kwa sauti. Mmoja alisema huenda mzee amechanganyikiwa. Mwingine akasema hata kama, akili zake zilizobaki zinashinda za wajomba zetu wote zikiunganishwa.

Wageni wakafika saa tano, wanaume wanne na shangazi wa mchumba wangu. Mkubwa wao alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa koti na kalamu mfukoni. Nilisikiliza nikiwa nyuma ya pazia la mlango wa jikoni, shangazi watatu wakinilalia mabegani. Sala ikaombwa. Salamu zikaisha. Mwalimu mkuu akakohoa.

"Sisi hatukuja kuchimba kaburi," alisema. "Lakini tukirudi nyumbani wamama watatuuliza. Hiyo maneno ya zamani iliisha aje?"

"Haikuisha," baba alijibu. Baba hajui kusema uongo, ni ulemavu wake.

Karani akasimama kwa fimbo. Akasema apewe nafasi kwa kuwa kesi hiyo ni yake. Akaniita nilete magunia. Niliyaweka katikati ya sebule, juu ya zulia jipya la mama, naye mama akafumba macho. Karani akawaambia wageni, mmoja baada ya mwingine, waingize mkono katika kila gunia, kisha waseme ni lipi lina majani ya jana.

Walitazamana, wakainuka. Mwalimu mkuu alikunja mkono wa koti. Gunia la kwanza lilikuwa la baridi, majani laini, yamelegea kidogo. La pili lilikuwa la moto kama tumbo la kuku anayeatamia, na vikonyo vimeanza kuwa vyekundu. Hawakuhitaji kushauriana. Wote watano walionyesha lile la moto. Hata mjomba wangu, anayejiona bingwa wa chai, alitingisha kichwa kukubali.

"Chepto," Karani akaniambia, "hii ya moto ulichuma lini?"

"Leo asubuhi. Nilimaliza saa mbili."

"Na hii ingine?"

"Jana jioni. Ililala jikoni."

Karani akaeleza polepole kwamba majani yakikanyagwa ndani ya gunia hayapati hewa, yanajichoma yenyewe, na kwa saa mbili tatu huwa mekundu na ya moto. Yaliyolazwa yakiwa yametandazwa hubaki baridi. Mtu asiyeijua kazi atakosea, tena atakosea kwa uhakika. Kisha akavua kofia, na safari hii hakuipigapiga.

"Mimi nilikuwa na miezi mbili kwa kazi," alisema. "Polisi waliniuliza. Nikaweka mkono kwa gunia iliyokanyagwa, kama nyinyi, nikasema ni ya jana. Huyo mzee alilala ndani miezi saba juu ya mkono yangu."

Sikuwa nimewahi kujua ni nani aliyewaambia polisi. Simulizi lilisema "wakaambiwa", na mimi, mwanafunzi wake mkuu wa kuuliza, sikuwahi kuuliza na nani. Baba aliweka kikombe chini, akamgeukia Karani.

"Ulijua lini kuwa umekosea?"

"Miaka tisa baadaye. Mtu wa kiwanda alikuja kutufundisha mambo ya gunia. Siku hiyo sikula."

"Baba yangu alikuwa bado hai."

"Alikuwa hai. Alikuwa ananiletea majani na kunisalimia. Kila siku nilisema nitamwambia kesho. Halafu mkampoteza, nikasema nitawaambia nyinyi kesho."

Nilimchukia pale. Naliandika neno hilo nikijua alivyonipenda. Nilihesabu miaka yote aliyokaa juu ya ile meza akinichezeshea miguu, akimpunguzia kila mtu maji, na gunia la babu yangu amelikalia. Na wakati huo huo nilitaka kwenda kumshika mkono, maana alikuwa bado amesimama kwa fimbo na hakuna aliyemwambia akae.

Mgeni mdogo kuliko wote, binamu wa mchumba wangu, akauliza lililokuwa kichwani mwa kila mtu. Sasa ni nani aliyeua?

"Sijui," Karani alisema. "Sijawahi kujua. Nilikuwa naongea ya wengine juu niliogopa kuongea ya gunia."

Mwalimu mkuu akafunga kalamu yake. Akasema kwa upande wa Merigi swali la damu limejibiwa, na wao hawana lingine. Shangazi zangu wakanifinya mpaka nikapata alama. Lakini baba hakuwa amemaliza. Alisimama, akaenda mlangoni, akaufungua.

"Mama yangu yuko nje," alimwambia Karani. "Hayo umetuambia sisi, enda umwambie yeye."

Kogo alikuwa ameketi juani karibu na boma la ndama, blanketi magotini, kwa kuwa kelele za sebuleni humchosha na masikio yake hayafanyi kazi vizuri. Sote tulitoka, wageni kwa wenyeji, na shangazi wakiwa na mwiko. Karani aliinama akamwambia kwa Kipsigis, kwa sauti ndogo ya kanisani. Kogo akaweka mkono sikioni. Akarudia. Kogo akatingisha kichwa. Ndipo ikabidi apige kelele, mzee yule asiye na pumzi, mpaka wachumaji wa ng'ambo ya kijito wakasimama na vikapu migongoni kusikiliza. Majani ya mumeo yalikuwa ya asubuhi. Mimi ndiye niliyekosea. Hakudanganya.

Kogo aliondoa mkono sikioni.

"Najua yalikuwa ya asubuhi," alisema. "Tulichuma pamoja. Yeye alikuwa mstari wa chini, mimi wa juu."

Baba alimuuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwa nini hakusema.

"Polisi walizungumza na wanaume. Baba yako akasema yasitajwe," alisema Kogo. Akanyoosha kidole kwa Karani. "Na huyu ameizungumza habari hii tangu nikiwa na meno yangu yote, kila mvua, na watu wanamsikiliza. Hajawahi kuja kuniuliza."

Wala mimi sikuwahi. Niliishi naye nyumba moja, nilimsuka nywele, nilimsomea Biblia, na kwa miaka ishirini nilikuwa nakimbilia kituoni kumwomba mtu mwingine anipe babu yangu. Machozi yalinitoka, nikaharibu poda yote ambayo dada yangu alinipaka.

Karani alijishusha taratibu kwa fimbo mpaka akakaa kwenye nyasi, miguu imenyooka mbele. Alikuwa akitazama juu kwa Kogo kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mlianza saa ngapi?" akamuuliza, kwa nguvu, asikie.

Kogo akakunja blanketi vizuri, akaanza. Alieleza ukungu ulivyokuwa, ni nani aliyepita barabarani na amebeba nini, fundi wa baiskeli alivyowasalimia akiwa juu ya baiskeli ya mtu mwingine, na alikuwa akielekea wapi. Karani aliuliza, akanyamaza, akauliza tena, wala hakupunguza chochote. Wageni walivuta viti wakaketi mviringo. Chakula tulikila saa kumi jioni, ugali umepoa na nyama imeganda mafuta, kwa sababu hakuna aliyetaka kumkatiza.